Mkono wa Babu Yako Kwenye Tivii

Zaituni mwana wa Mwajuma, mke mwenzangu,

Salamu utazikuta mwishoni. Nikianza na salamu nitazunguka hukohuko mpaka karatasi iishe, na wewe umekwenda mtoni kufua, hutachelewa kurudi. Anayeandika ni Mama Rehema wa zahanati. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, nikitukana aandike tusi, nikilia aweke kalamu chini anisubiri. Karatasi nitaiweka juu ya nguo zako. Uisome leo, kabla jua halijazama.

Habari za sabuni, za chakula na za wanaume nimeziacha. Mama yako atakueleza mkionana stesheni pale Ngerengere, naye kwa maneno hajambo. Mimi nataka kusema juu ya mkono.

Juzi ulitoka msituni umemweka kinyonga kwenye kidole, yule mwenye pembe puani, ukaja naye mpaka mlangoni unacheka. Ukasema, "Bibi, mshike. Mwepesi, kama hakuna kitu." Nikaingia ndani nikafunga mlango. Ukaenda kumrudisha mtini, ukarudi, ukanipa mkono huohuo ukiniomba radhi ya safari. Nikakuambia siupokei. Nikasema na mengine. Nikasema anayekwenda kusomea wadudu na nyoka asinitafute siku nikifa. Maneno hayo yalinitoka mimi, hakuna aliyenituma. Tangu hapo unaniamkia shikamoo kwa sauti ya mgeni. Unateka maji, unapika, unafagia, hata kunitania umeacha. Na kesho alfajiri lori la ndizi linakuchukua.

Hukujua kuwa maneno yako yale, mwepesi kama hakuna kitu, niliwahi kuyasikia zamani. Yalisemwa hapohapo mlangoni.

Babu yako Shabani alikuja kwangu kama wanaume wote wa huku wanavyokuja, ana jembe na nguo za kubadili. Ardhi ilikuwa ya mama yangu, akailima kuliko kaka zangu wote. Migomba ile ya bondeni ni yeye, mdalasini wa nyuma ya nyumba ni yeye. Hakuwa mtu wa maneno. Wewe ulipozaliwa akasema amepata mke mdogo, kwa hiyo mimi nijihadhari. Kila jioni alikumenyea ndizi, akaitoa zile nyuzi zake moja moja kwa sababu ulikuwa ukizitema. Mimi hakuwahi kunitolea nyuzi.

Na mimi kila chakula nilimnawisha. Hilo nililikuta kwa mama yangu. Mnaweza kugombana mpaka majirani wakakusanyika, lakini chakula kikiiva unachukua kopo, unammiminia mumeo maji mikononi. Siku ukiona mwanamke ameweka kopo chini akaenda zake, jua nyumba hiyo ina jambo.

Wale watu wa picha walikuja ukiwa bado shule ya msingi. Siku hizo vitu vilikuwa vinaingia nchini kama mafuriko. Mitumba, redio, sabuni za kila rangi, mtu yeyote aliruhusiwa kuuza chochote. Kiwanda cha mama yako kule Morogoro kilikuwa kimefungwa, akarudi hapa na mto wa kulalia kichwani, baadaye akaenda Ngerengere kuuzia abiria wali. Basi siku moja gari likapanda mpaka barabara ilipoishia, wakashuka wazungu wawili, dereva, na kijana mmoja wa Dar aliyevaa viatu vyeupe. Wakasema wanatafuta kinyonga. Kijiji kizima kikacheka. Kasimu wa dukani, unamjua alivyo, Mnyamwezi yule hawezi kumwona Mluguru akapita bila kumchokoza, alisema kwao wazungu wanyama wamekwisha ndiyo maana wamekuja kumpiga picha mkwe wa Waluguru.

Walitaka mtu wa kuwapeleka msituni juu. Babu yako akaenda.

Siku waliyomaliza alirudi akasimama mlangoni, hakuingia. Hakujua kuficha jambo, hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Akaniambia walitaka kinyonga ashikwe ili watu wauone ukubwa wake. Mzungu mmoja alikuwa ameshika kamera, mwingine ameshika taa. Yule wa viatu vyeupe akakataa katakata. Akabaki yeye.

Nikamwuliza kama amepata wazimu.

Akakigeuza kiganja chake akakitazama. "Mwepesi, mama Mwajuma. Kama hakuna kitu. Na kumbe yeye ndiye anayenishika mimi."

Mwanangu, wewe umesoma, kwako kinyonga ni mnyama anayetaga mayai au anayezaa, nimesahau ulivyosema. Mimi niliambiwa na mama yangu, naye aliambiwa na wake, kwamba akikushika anakukausha. Unakonda taratibu, kwa mwendo wake yeye, hatua moja na kusita, mpaka unaisha. Nilimwambia babu yako asugue mkono kwa majivu na mchanga. Akasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Haikunitosha. Lile koti la mvua walilompa nikalitupa kwenye banda la mbuzi. Jioni ile chakula kilipoiva nikaweka kopo la maji miguuni pake, nikaenda kukaa jikoni.

Akajimiminia mwenyewe. Maji yakamwagika, maana alikuwa anatumia mkono mmoja kuunawisha mwingine, hakuzoea.

Na wewe nikakukataza kumpokea ndizi. Ulilia, ukadhani kosa ni lako. Yeye akawa anakuwekea ndizi na maganda yake juu ya jani, anakwambia, "Menya mwenyewe, mke mdogo, siku hizi mkono wangu una kazi ya serikali." Ukacheka. Akafurahi kwa kuwa ulicheka. Mimi nilikuwa nawaangalia kutoka jikoni.

Kisha akaanza kukonda.

Wakasema ni kinyonga. Nasema "wakasema", lakini aliyesema kwanza ni mimi, kisimani, na wenzangu wakachukua kwangu. Tukamtafutia mganga wa bonde la pili, akamchanja, akampa ya kunywa na ya kuoga. Hospitali ya misheni tulimpeleka amekwisha kuwa mzigo wa kubebwa. Hapa Mama Rehema ameacha kuandika, ananitazama. Ameniuliza alikuwa anakohoa tangu lini. Nimemwambia aandike.

Alikuwa anakohoa tangu mvua za mwaka wa nyuma, kabla gari la wale watu halijapanda mlima huu. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Nilisikia. Lakini kikohozi kilikuwa kitu cha kila nyumba, na kinyonga nilikuwa nimeshamwona kwenye kiganja chake kwa macho ya moyo, basi nikamshika huyo.

Siku yake ya mwisho alinyoosha mkono. Nikaupokea. Ila kwanza nikauzungushia pindo la kanga, ndipo nikaushika. Aliona. Akanibonyeza kidogo kupitia kwenye ile kanga, kama mtu anayejaribu parachichi kama limeiva, akaniachia.

Watu wa ukoo wake wakaja wakamchukua wakamzika kwao, ng'ambo ya mlima, kwenye ardhi ya mama yake, kama ilivyo desturi. Kasimu ndiye mtani, akatembea mbele ya waombolezaji kwa ule mwendo wa babu yako wa kuburuza mguu, akauliza koti la mvua liko wapi ili alirithi. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nikabaki na nyumba. Kaburi liko mbali, miguu yangu haifiki. Picha hakuwahi kupiga hata moja. Kila mwaka tulikuwa tunasema mdalasini ukiuzwa tutateremka mjini studio, tukae kwenye viti, yeye avae kanzu. Mwaka ukawa unapita.

Sasa ndiyo tunafika kwenye tivii.

Kasimu alipoileta ile tivii yake na jenereta, wewe ulikuwa sekondari, unarudi likizo. Unakumbuka watu walivyokuwa. Mpira walitaka vijana. Lakini sisi wengine tulipenda zile za wanyama na za maarifa, ingawa zilisema Kiingereza na hatukuambulia hata neno, na labda ndiyo maana tulizipenda, kila mtu alisema lake. Simba akimkimbiza swala, wanawake walimtukana mwenye kamera, yeye ana gari na bunduki anashindwaje kumwokoa mtoto wa mwenzie. Walipoonyesha watu wanatembea mwezini, Mzee Kobero alisimama akaaga, akasema yeye ana akili zake na angependa kulala nazo. Siku ile ya moyo wa mtu unaodunda kifua kimefunguliwa, nilitoka nje mimi mwenyewe. Nilisema kuna vitu Mungu amevifunika na ngozi kwa sababu.

Mimi sikuwa mwendaji sana. Ila yule dereva wa wale wazungu alimletea Kasimu salamu kwamba picha ya kinyonga wa Uluguru itaonyeshwa, akataja na siku. Kasimu akafunga duka akaja mbio mpaka hapa uani, hana hata tusi moja mdomoni. Akasema, "Bibi, Shabani anatoka kwenye tivii."

Nilioga. Nilivaa ile kanga ya harusi ya mama yako. Nilikuwa na hamu ya kuuona uso wake kama mtu mwenye kiu, mwanangu, kwa sababu nitakuambia ukweli, ulikuwa umeanza kunitoka. Macho nilikuwa nayakumbuka, na lile kovu la usoni, lakini vikikaa pamoja vilikuwa vinakuwa uso wa mtu mwingine.

Watu walikuja mpaka wa vijiji vya chini. Wewe wakakusimamisha kando ya tivii utafsiri. Likaonyeshwa wingu, ukaonyeshwa mlima wetu kutoka juu kama anavyouona mwewe, watu wakapiga kelele kila mmoja anatafuta paa lake. Vyura, ndege, maua madogo. Kila ulichotafsiri kilipingwa, Mzee Kobero akisema ndege yule anakula hiki na wewe unasema kile, ukawa unamjibu, "Mzee, mimi nasema anavyosema yeye." Kisha ukatokea mkono.

Ulijaa tivii nzima. Kidole kile kisicho na ncha, alichokikata kwa panga mwaka tuliooana. Ile mistari ya kiganja imeingia udongo usiotoka hata kwa majivu. Na kinyonga yule anatembea juu yake, hatua na kusita, hatua na kusita, na mkono unamgeukia taratibu ili asianguke. Ulikuwa mkono wa mtu anayetoa nyuzi za ndizi.

Kasimu akasema kwa sauti ya kuvunjika, "Shabani, toa uso bwana, unatuchelewesha." Watu wakacheka kidogo, wakangoja.

Uso haukutoka. Ukaja mto, wakaja ngedere, ikaja miti iliyokatwa, ikaisha.

Wakakuuliza wewe wamesema nini juu ya mzee. Ukasema, "Wamesema huyu ndiye aliyetuonyesha njia, na bila yeye tusingeona kitu." Watu wakaridhika. Wakanipa mikono, wakaniambia hongera. Mpaka leo wanayataja hayo maneno.

Zaituni, mimi sijui Kiingereza. Lakini yule mtu anayesema ndani ya tivii alikuwa amesema tangu mwanzo bila kupumzika, na mkono ulipotokea alinyamaza. Ilipigwa zumari tu mpaka mkono ukaondoka. Lugha siijui, kunyamaza nakujua. Uliyatunga wewe yale maneno, ukiwa umesimama pale na sare yako ya shule, kwa ajili yangu. Sikukuambia kuwa najua. Nakushukuru leo.

Kesho yake nilikwenda dukani nikamwomba Kasimu anirudishie ule mkono. Nilidhani umo ndani, kama nguo kwenye sanduku, unafungua unatoa. Nilitegemea anicheke. Akanitafutia kigoda, akanieleza taratibu kwamba kwenye tivii kinachopita kimepita, yeye hana namna, labda siku moja wenyewe watairudia.

Ndipo nikaanza kwenda kila jioni. Watu wakasema bibi siku hizi amependa elimu. Ukirudi likizo ukawa unakuja nami, unakaa karibu yangu kwenye benchi, unanitafsiria sikioni. Nyangumi. Mchwa. Milima ya moto. Jinsi nyota zinavyokufa, hiyo uliirudia mara mbili kwa kuwa hukuamini nimeelewa. Nikawa naitikia, "Ehe, kisha?" Uliona bibi yako anasikiliza, ukasikiliza zaidi. Ukaanza kuuliza walimu. Ukaanza kuleta majani na makombe ya konokono nyumbani. Ukaniambia unataka kusomea wanyama.

Mimi nilikuwa nangoja mkono. Nyangumi sikuwa na haja nao.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nani amekupeleka kwenye chuo hicho cha mbali, ni mimi. Nimekukokota mwenyewe kwa miguu yangu kila jioni, kisha barua ya kuitwa ilipokuja nikakasirika kana kwamba umeibwa na jirani. Na juzi uliposimama mlangoni na mdudu yule, ukasema maneno ya babu yako kwa sauti yako, sikukuona wewe. Nilimwona yeye, nikafanya vilevile nilivyomfanya yeye. Mtu anapewa nafasi ya pili, uso kwa uso, na anafunga mlango uleule. Huyo ndiye bibi yako, na mimi si mwanamke mjinga.

Sitakudanganya kuwa sasa namwelewa kinyonga. Namwogopa. Ukileta mwingine nitakimbia tena, na umri huu nitaanguka nivunjike kiuno. Hofu ya mama yangu iko kwenye mifupa, kusoma kwako hakuwezi kuitoa kwangu. Ila nimejifunza kwamba naweza kumwogopa mdudu bila kumwogopa aliyemshika. Hilo nimelijua nimechelewa, na aliyestahili kuliona yuko ng'ambo ya mlima.

Jambo moja tu la kazi yako, maana hiyo kazi siijui. Umesema huko wanafundisha hata kupiga zile picha. Siku wakikupa kamera, na mzee fulani wa kijiji fulani amekushikia mdudu kiganjani, inyanyue kidogo. Mpaka usoni. Ni kidogo tu, mkono hauko mbali na uso. Na umwulize jina, ulitaje, usimwache mtoto wa watu aje atunge maneno baadaye.

Mama Rehema anasema karatasi inakwisha, na nakusikia unapanda njia, unaimba kidogo, kumbe bado unaimba nisipokuwepo.

Salamu basi. Wasalimie walimu wako. Msalimie mama yako, mwambie kanga yake ya harusi ninayo, nitazikwa nayo. Ukipita Morogoro mjini ingia studio upige picha, uso mzima, uiache pale dukani Kasimu anaponunulia bidhaa, ataniletea.

Kesho lori likishawashwa sitasema mengi, unajua nilivyo mbele za watu. Lakini chai ikiiva, kabla hujala, kaa pale kwenye kizingiti alipokuwa anakaa babu yako. Nitakuja na kopo. Nitakunawisha mimi, kama nilivyotakiwa kumnawisha yeye. Kisha ndipo utanipa mkono wa kuniaga, na nitaupokea mtupu, bila kanga.

Na Zaituni, ukiamka usipite kisimani kuusugua kwanza. Nautaka kama ulivyo.

Bibi yako, anayekusubiri mlangoni.